Karatasi ya kwanza haitoshi

Mwenyekiti wa kikao, Mganga Mkuu wa Wilaya, wakubwa zangu wa kazi, shikamooni. Wadogo zangu matabibu na wauguzi, hamjambo. Itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja chai itapoa, na nimepita pale nje nikaona kuna maandazi.

Nimeombwa nizungumze juu ya vipimo vya moyo kwa mgonjwa wa dharura, vile ambavyo havihitaji kumchana mtu wala kumpitishia mrija kwenye mshipa hadi moyoni. Aliyenipigia simu nadhani alitarajia nije na picha za mitambo mikubwa. Nimekuja na karatasi mbili tu. Zipitisheni, kila mtu azione, kisha mnirudishie. Jina la mwenyewe nimelikata.

Hizo ni fotokopi. Zile zenyewe zilikwisha kufutika siku nyingi, kwa sababu karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, haichapwi kwa wino, inachapwa kwa joto. Ukiiacha kwenye faili juani, au ukaishika kwa mkono wenye spiriti, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe yenye jina la mgonjwa. Kwa hiyo la kwanza leo, kabla sijafika popote: ikitoka tu, itoe kopi au ipige picha.

Sasa mwenye karatasi. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu na si la jengo. Saa moja asubuhi, tunakabidhiana zamu, akaingia dereva wa lori la mbao, mwanaume wa miaka arobaini na saba. Aliingia kwa miguu yake. Akasema, "Dokta, kifua kimejaa, kama gesi." Usiku alikuwa amekula chipsi mayai njiani. Presha ilikuwa juu kidogo, mapigo ya kawaida. Nesi wa zamu, mama mmoja mtu mzima, akampima ECG bila hata mimi kusema. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza mnayoiona. Itazameni vizuri. Haina kitu. Hata leo, baada ya miaka yote hii, nikiitafutia ubaya siuoni.

Nikamwambia, "Kaka, moyo wako uko safi." Nikampa magnesiamu za kutafuna na dawa ya kupunguza asidi. Akanishukuru sana. Kuna shukrani ambazo mtu huzibeba kama deni.

Saa tano kasoro akarudi kwa bajaji, mkewe kamshikilia kiunoni asianguke. Shati limelowa jasho kana kwamba amenyeshewa. Tukalikata kwa mkasi. Kifuani kulikuwa na miduara sita, alama za vile vikombe vya kunyonya vya mashine yetu ya zamani. Zilikuwa bado hazijapotea. Nesi hakuhitaji kuhesabu mbavu. Aliweka kila kikombe juu ya alama yake ya asubuhi. Hiyo ndiyo karatasi ya pili. Ule mstari uliokuwa umelala baada ya kila pigo, sasa umeinuka kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Mshipa wa mbele wa moyo ulikuwa umeziba. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hatukuwa nayo, tukampa aspirini, tukaita gari. Alifariki njiani, gari halijafika mizani.

Kwa muda mrefu nilipokuwa nikisimulia habari hii nililaumu kukosekana kwa vipimo. Nilisema, laiti tungekuwa na troponini. Halafu siku moja nikakaa nikahesabu saa. Mkewe alituambia maumivu yalianza kama nusu saa kabla hawajafika. Sasa troponini ni protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo, na humwagika kwenye damu misuli inapokufa. Kwa vipimo vya kawaida huanza kuonekana baada ya saa tatu hadi sita. Ningempima saa moja ile, majibu yangetoka safi. Ningekuwa na karatasi mbili safi badala ya moja, na ningemruhusu kwa kujiamini zaidi.

Ndiyo maana nimekuja kusema jambo moja tu asubuhi hii, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Kipimo kikitoka safi kinaeleza habari za saa ile kilipochukuliwa. Hakisemi habari za saa inayofuata. Mgonjwa wa kifua haruhusiwi na karatasi safi, anaruhusiwa na karatasi safi iliyorudiwa kwa wakati wake.

Chukueni ECG yenyewe. Mashine inachapa sekunde kumi. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika, katika sekunde hizo utaona mapigo kumi na mawili. Kwa siku nzima moyo huo unapiga zaidi ya mara laki moja. Wewe umeona kumi na mawili, kisha unamwambia mtu aende nyumbani. Ni sawa na kuchungulia dukani mara moja, hukumwona mwizi, ukaandika kwamba duka haliibiwi.

Miongozo ya Ulaya na ya Marekani inakubaliana hapa: ECG ya kwanza itoke na isomwe ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa afike. Dakika kumi hizo zinahesabiwa tangu mlangoni, hazisubiri afungue faili wala kadi ya bima ihakikiwe. Na kama maumivu yanaendelea huku karatasi ni safi, unarudia kila baada ya dakika kumi na tano hadi thelathini ndani ya saa ya kwanza. Najua mtaniambia karatasi za mashine ni ghali na rola likiisha linaagizwa mjini. Najua. Lakini tunazitumia kwa kijana aliyekuja kujaza fomu ya chuo, tunazibania kwa mtu anayetoka jasho.

Kuna mshipa unaoziba na mashine isiuone, kwa sababu vikombe vyote sita tunaviweka mbele na ubavuni, na shida iko nyuma ya moyo. Vikombe hivyo tunaviita V1 hadi V6, kuanzia kwenye kidari kuelekea ubavuni. Mkiona mstari umezama kwenye V1 hadi V3, msiandike tu "umezama" mkaendelea. Toeni nyaya tatu za mwisho, zihamishieni mgongoni chini ya bega la kushoto, mchape tena. Na mkiona shambulio la sehemu ya chini ya moyo, hamishieni V4 upande wa kulia wa kifua mtazame na chemba ya kulia, kabla hamjakimbilia vile vidonge vya kutanua mishipa vinavyowekwa chini ya ulimi, maana mgonjwa wa namna hiyo presha yake inaweza kuporomoka mikononi mwenu.

Upande wa pili, msitishwe na kila mstari ulioinuka. Vijana wetu wengi wenye afya nzuri, hasa wanaume, mstari wao huwa umeinuka kidogo kifuani kwa maumbile tu. Na mwenye presha ya miaka mingi, moyo wake umekuwa mnene, karatasi yake inaweza kufanana na ya shambulio. Hapo tena dawa ni kurudia. Karatasi ya shambulio hubadilika ndani ya dakika na masaa. Ya maumbile itakaa vile vile leo na mwakani, na ukimkuta mgonjwa ana karatasi yake ya zamani nyumbani, mtume mtu wa bodaboda akailete.

Turudi kwenye nyaya, kwa sababu wataalamu wanapenda kuongelea kusoma ECG na hakuna anayeongelea kuifunga. Rangi mnazijua: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Mtu akibadilisha nyekundu na njano, lidi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza kwenye karatasi, inapinduka kichwa chini na unaweza kumpeleka mtu rufaa kwa kosa la vibanio. Lakini kosa ninaloliona zaidi ni V1 na V2 kuwekwa juu mno, karibu na mtulinga. Watu wanakisia kwa macho. Msikisie. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka juu hadi uguse kigongo. Pembeni yake ni ubavu wa pili, chini ya ubavu huo ni nafasi ya pili. Shuka mbili zaidi, umefika nafasi ya nne. Kwa mwanamke, V4 inakaa chini ya titi, na titi analiinua mwenyewe au unamwomba ruhusa uliinue kwa mgongo wa mkono. Mtu akiwa na jasho mfute, akiwa na manyoya mnyoe. Jeli ikiisha maji ya chumvi yanatosha.

Na maji ya chumvi yana historia. Willem Einthoven, yule Mholanzi aliyetengeneza mashine hii pale Leiden mwanzoni mwa karne iliyopita, wagonjwa wake walitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa kilo mia mbili na zaidi na ulihitaji watu watano kuuendesha, hivyo haukuweza kupelekwa hospitali. Akafanya nini? Akavuta waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, kilomita moja na nusu, mapigo ya moyo yakasafiri kwenye waya. Hiyo ilikuwa 1905. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo nesi wa kituo cha afya anayepiga picha karatasi na kuirusha WhatsApp kwa daktari bingwa mjini asijione anafanya mambo ya kubahatisha. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Ombi langu ni kwamba picha iwe ya karatasi nzima, imenyooka, isiyo na kivuli cha simu, na chini yake andika mambo matatu: umri, maumivu yalianza saa ngapi, na hii ni karatasi ya ngapi. Jina la mgonjwa lizibe kwa kidole.

Kuhusu troponini. Sasa hivi vipo vile vya haraka, vinafanana na kipimo cha malaria: tone la damu, unasubiri robo saa, mstari mmoja au miwili. Ni vizuri, lakini havina macho makali kama mashine za maabara kubwa, ambazo zinaweza kukuambia ndani ya saa moja hadi tatu kwa kulinganisha damu ya kwanza na ya pili. Kwa kipimo cha haraka, pima akifika, pima tena baada ya saa sita. Katikati yake mgonjwa analala pale pale mnapomwona, si kwenye benchi la nje. Na kila kipimo andikeni saa ya damu na saa ya maumivu kuanza, maana troponini bila saa ni namba isiyo na mwenyewe. Mkumbuke pia kwamba haimtaji aliyeumiza moyo. Mgonjwa wa figo, mwenye maambukizi makali kwenye damu, mwenye damu iliyoganda mapafuni, wote wanaweza kuipandisha. Ikiwa juu na haisogei kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, fikiria mengine. Ikipanda au ikishuka, hapo kuna jambo linatokea sasa.

Waholanzi hawa hawa mwaka 2008 walitoa hesabu ndogo ya alama kumi inayoitwa HEART. Simulizi ya mgonjwa, ECG, umri, vihatarishi kama presha na sukari, na troponini, kila kimoja sifuri hadi mbili. Akipata sifuri hadi tatu, uwezekano wa kupata baya ndani ya wiki sita ni kama watu wawili katika mia. Mimi naipenda kwa sababu moja ambayo huenda walioitunga hawakuifikiria: inaanza na simulizi. Inakulazimisha umsikilize mtu kabla hujatazama karatasi. Dereva wangu sikumwuliza maumivu yalianza saa ngapi. Nilimwuliza amekula nini. Na watu wetu hawasemi "kifua kinanibana kuelekea mkono wa kushoto" kama vitabu vinavyotaka. Wanasema kichomi, kiungulia, gesi, vidonda vya tumbo, "mwili hauna nguvu." Mama mwenye kisukari anaweza asiseme maumivu kabisa, akasema anachoka akipanda ngazi tangu jana. Wamarekani katika mwongozo wao wa 2021 walishauri tuache kuyaita maumivu ya namna hiyo "yasiyo ya kawaida," kwa sababu neno hilo liliwafanya madaktari wayapuuze. Mimi naongeza: kwetu hayo ndiyo ya kawaida.

Kuna kipimo kingine hakina bei na karibu hakuna anayekifanya. Pima presha mikono yote miwili. Kama zinapishana sana, na maumivu yalikuja ghafla kama kitu kinachanika kuelekea mgongoni, huenda ni mshipa mkuu wa aota umechanika. Huyo ukimpa dawa ya kuyeyusha damu umemmaliza. Dakika mbili, mashine ya presha ile ile.

Sasa ultrasaundi ya moyo, tunayoiita ECHO, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mpaka sasa nimeongea kana kwamba moyo una ugonjwa mmoja wa mishipa kuziba. Wengi wanaoletwa usiku hapa kwetu hawana mishipa iliyoziba. Wana presha iliyochosha moyo, wana vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, wana maji yaliyozunguka moyo kwa sababu ya kifua kikuu.

Mwaka juzi aliletwa binti wa miaka ishirini na miwili, na kichanga cha miezi miwili mgongoni kwa bibi yake. Alikuwa ametibiwa pumu sehemu mbili. Alikuwa hawezi kulala chali, siku ya tatu analala amekaa, ameegemea ukuta. ECG yake ilikuwa na mapigo ya haraka tu, hakuna zaidi. Nikachukua kile kifaa kidogo cha ultrasaundi cha kuchomeka kwenye simu, nikaweka jeli, nikagusa kushoto kwa kidari. Mlikwisha kumwona samaki aliyetolewa majini muda mrefu, anapepesa mashavu polepole? Moyo ulikuwa hivyo. Mkubwa, mlegevu, unatikisika bila kukamua. Ule ni ugonjwa wa misuli ya moyo unaompata mwanamke mwishoni mwa ujauzito au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Kupima kulichukua dakika tatu. Tukaacha kumpulizia dawa ya pumu, tukamkojolesha maji kwa sindano, kesho yake alilala chali, na bibi akasema, "Mbona amelala hivyo, hajafa?" Hajafa, bibi. Amepata usingizi.

Teknolojia hiyo ilianza kwa mashine ya kuazima. Inge Edler, daktari, na Hellmuth Hertz, mwanafizikia, huko Lund, Sweden, mwaka 1953 walitumia kifaa cha kutafutia nyufa kwenye vyuma kilichokuwa kwenye karakana ya meli. Wakakielekeza kifuani. Nasema haya ili tabibu asiniambie kwamba ECHO ni ya mabingwa tu. Ripoti kamili ya vali, ndiyo, mwachie bingwa. Lakini maswali manne unaweza kujifunza: kuna maji kuzunguka moyo? Unakamua au haukamui? Upande wa kulia umevimba kuliko kushoto? Mapafu yana maji? Na hapa pia, ECHO inayoonyesha moyo unaopiga vizuri haifuti shambulio dogo. Mnajua nitasema nini. Rudia.

Mashine ya kukimbizia mgonjwa kwenye mkanda na CT ya mishipa ya moyo, ile picha ya eksirei ya kompyuta, nitazipita haraka, maana hapa hatuna. Ya mkanda haiguswi na mtu ambaye bado ana maumivu. CT ni nzuri sana kwa mtu ambaye karatasi zake ni safi na bado una shaka. Marekani mwaka 2012 waliijaribu kwa wagonjwa 1,000 katika hospitali tisa, wakaona inawafupishia kukaa hospitali kwa zaidi ya saa saba. Lakini waliopimwa hivyo walipimwa na vipimo vingine vingi baadaye, na mionzi ikaongezeka. Inahitaji dawa ya kung'arisha mishipa, figo nzima, na mapigo ya polepole. Mnayemdhania anaihitaji, mpelekeni Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete akiwa ametulia, na karatasi zenu zote ziende naye.

Wapo wanaosema shambulio la moyo ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri wa Masaki. Moshi watafiti waliwapima kwa ECG na troponini watu wazima waliofika dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na shambulio la moyo, na walio wengi kati yao hawakuwa wameandikiwa ugonjwa huo kwenye faili. Waliandikiwa mengine. Nikisoma zile takwimu namwona yule dereva, na kwenye faili lake, kwa mwandiko wangu, "vidonda vya tumbo."

Naona Mganga Mkuu anatazama saa. Nimalizie kwa kazi. Mashine mbili ziko pale nyuma, moja ya vikombe na moja ya stika, rola za karatasi ni mpya. Tugawane makundi mawili. Kila kundi litoe mwanaume mmoja avue shati, na atakayefunga nyaya awe ambaye hajawahi. Tutapima, tutakunywa chai, kisha tutarudi tupime tena yule yule, na nitataka kuona kama vikombe vimerudi kwenye miduara yake. Nani anavua shati? Wewe wa koti la bluu, uliyekuwa unasinzia. Karibu mbele.